Nionyesheni Upande wa Nje

Ukitafuta mtandaoni picha za majalada ya mbao ya miswada ya Kibuddha, utaletewa upande wa ndani karibu kila mara. Ni upande mzuri, sibishi. Hizi ni mbao mbili nyembamba, ndefu kama rula pana, zilizofunika kurasa za majani ya jamii ya mitende huko Nepali na mashariki ya India, karne ya 11 na ya 12 hivi. Ndani wamechorwa Buddha na miungu wa kike, na rangi bado zinang'aa, maana kitabu kikifungwa mwanga hauingii.

Mimi nauliza habari za upande wa nje. Mengi ya majalada haya yalibeba Ashtasahasrika Prajnaparamita, maandiko ya Kisanskriti kuhusu ukamilifu wa hekima, yanayohesabiwa kuwa na mistari 8,000. Kitabu hicho chenyewe kinaagiza kiheshimiwe kwa maua, ubani na manukato. Basi watu wakatii! Wakapaka msandali na unga mwekundu, mwaka baada ya mwaka, mpaka mbao zikashika ukoko kama sufuria ya ubwabwa. Wauza sanaa wataona uchafu hapo. Mimi naona wasomaji. Kule Patan, Nepali, katika hekalu la Kwa Bahal, mswada wa karne ya 13 wa maandiko hayohayo bado unasomwa kwa ibada, na bado unapakwa.

Jambo hili si geni kwetu Liuli. Misheni ya Waanglikana imeacha huku kwenye Ziwa Nyasa mazoea ya kushika kitabu cha nyimbo kila Jumapili, na vile vya zamani utavikuta vimejalidiwa kwa karatasi ya kalenda, mgongo umeshonwa kwa uzi wa nyavu, kona zimekuwa nyeusi kwa vidole. Mtu akikuletea kipya hukitupi kile. (Jaribu uone bibi atakavyokutazama.)

Sasa twende pwani. Siyu, kisiwani Pate, walinakili misahafu katika karne ya 18 na ya 19, wakaipamba kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Mji huohuo ulisifika kwa kazi za ngozi na kujalidi vitabu. Lakini picha ninazokutana nazo za misahafu hiyo ni zilezile: kurasa mbili zilizofunuliwa, mapambo kamili, maelezo marefu ya rangi. Ngozi iko wapi? Imelainikia wapi, kwa mkono wa nani? Imeshonwa tena mara ngapi? Aliyeuandika msahafu nasimuliwa. Waliousoma miaka 150 baada yake wamekatwa kwenye picha.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye makumbusho na kamera ni dogo: mkishapiga kurasa, fungeni kitabu, mkipige tena. Na msikifute vumbi kwanza.