Mkono Unaishia Wapi? Jinsi Shoo ya Kundi Inavyosafishwa

Vijana kumi na wawili wakicheza mbele ya watu pale Kilindoni, kisiwani Mafia, mtazamaji hahesabu makosa ya mmoja mmoja. Anaona kitu kimoja tu, shoo safi au shoo iliyovurugika. Ukimuuliza imevurugika wapi, atakwambia kuna aliyechelewa. Rudisha video polepole, na mara nyingi utakuta wote walianza sawa. Tofauti imo mwishoni mwa mwendo: mkono wa huyu umesimama usawa wa bega, wa yule umepanda hadi sikioni, na wa tatu umekwisha kufika na kuanza kushuka wakati wenzake bado wapo njiani.

Hapo ndipo kazi ya kusafisha ilipo. Vikundi vingi vya vijana hutumia jioni nzima kurudia wimbo kutoka mwanzo hadi mwisho, tena na tena, wakitumaini kwamba kurudia kutaleta usawa. Kurudia huimarisha kilichopo, kosa nalo likiwamo. Kinacholeta usawa ni makubaliano: mwendo huu unaishia wapi, kwenye pigo la ngapi, na uzito wa mwili ukiwa juu ya mguu upi.

Hesabu yenyewe haitishi. Densi ya jazi ya jukwaani, ambayo vijana wa leo hujifunza hata kwa simu, hufundishwa kwa nane-nane, yaani mafungu ya mapigo manane. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika hutumia sekunde 4 kumaliza nane moja, kwa hiyo shoo ya dakika tatu ina nane 45, yaani mapigo 360. Hakuna kiongozi anayeweza kukagua mapigo 360 kwa jicho moja wimbo ukiwa unakwenda. Wanaojua kazi huchukua nane mbili tu, huzima muziki, huhesabu kwa sauti na kusimamisha kundi ghafla: “Tano! Simama hapo hapo!” Kila mtu anabaki alivyo. Kiongozi anapita, kwanza akitazama miguu. Mchezaji ambaye kwenye nne amelalia mguu wa kulia, na kwenye tano anatakiwa kuunyanyua mguu huohuo, hana budi kuiba muda ili auhamishe uzito. Kwa mtazamaji ataonekana mzembe, kumbe ni kosa la pigo lililotangulia. Makosa mengi yanayoitwa kuchelewa hutibika hapo kwenye uzito, bila mtu kuambiwa aongeze kasi.

Baada ya miguu hufuata kiwiko, kiganja, kidevu na macho. Macho husahauliwa kuliko vyote. Safu ambayo mikono yake imelingana, lakini nusu wanatazama mbele na nusu wanachungulia kwa jirani, itaonekana imevunjika tu.

Pwani ya Waswahili haikuanza jana kushughulikia jambo hili. Tangu miaka ya 1890, Lamu na Mombasa zilikuwa na beni, ngoma iliyochukua tarumbeta, sare, vyeo na mwendo wa gwaride ikavitia kwenye mashindano ya mitaa na makundi. Mombasa ilijua makundi ya Kingi na Scotchi. Upande wa Tanganyika majina yaliyovuma yalikuwa Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu beni, alionyesha jinsi ngoma hiyo ilivyosambaa bara kupitia askari na wapagazi wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Mafia nayo iliguswa na vita hivyo mapema: Januari 1915 Waingereza waliteka kisiwa wakitumia askari wa King’s African Rifles.

Jambo la kujifunza kwa wacheza beni ni la kiufundi hasa. Gwaride lilikuwa limekwisha kutatua suala la mwisho wa mwendo kabla yao. Amri ya kugeuka ina sehemu mbili, ya kuandaa na ya kutenda, na mguu una mahali pa kutua panapojulikana. Mcheza beni alipoazima kwata hakuazima ukakamavu peke yake. Aliazima utaratibu wa kuwafanya watu wengi wafike pamoja, kisha akaujaza maringo na mbwembwe ambazo askari asingeruhusiwa kuzionyesha.

Safu ndefu ina adui wake mwingine, nao ni sauti. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Aliye mita 34 kutoka kwenye ngoma kubwa husikia pigo sehemu ya kumi ya sekunde baada ya mpigaji kulipiga, na katika mwendo wa mapigo 120 hiyo ni moja ya tano ya pigo. Kwenye halaiki inayojaza uwanja wa mpira, mita 100 huleta ucheleweshaji wa karibu sekunde 0.3, zaidi ya nusu pigo. Ikiwa wa mbali wanafuata masikio na wengine wanafuata macho, kundi litagawanyika hata kama kila mmoja anacheza kwa usahihi wake. Safu kubwa lazima ichague moja, na kwa umbali huo jicho ndilo lenye faida. Lakini kundi la watu kumi na wawili lililotanda mita kumi lisisingizie spika. Tofauti ya sauti hapo ni kama sekunde 0.03, na hakuna mtazamaji atakayeiona.

Wanawake wa pwani walilimaliza suala la kufika pamoja kwa njia iliyo kinyume kabisa na gwaride. Lelemama, ambayo Margaret Strobel aliieleza katika utafiti wake juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa tangu 1890 hadi 1975, huchezwa katika mstari, wachezaji wakiwa wamevaa sare, kwa miondoko midogo ya mikono na kichwa. Vyama kama Ibinaal Watan na Banu Saada vilishindana kwa mavazi, kwa nyimbo na kwa umaridadi. Mwendo ukiwa mdogo namna hiyo, hakuna pa kujificha. Anayerusha mguu juu anaweza kukosea kwa kiganja kizima na watu wakamshangilia. Katika mstari wa lelemama, kichwa kilichoinama zaidi ya wenzake huonekana hadi kwenye viti vya nyuma. Vijana wanaotafuta usafi wangefanya vizuri kuyatumia mazoezi haya: kucheza shoo yao yote kwa kuipunguza, mikono isipande zaidi ya kifua, miguu isiruke. Kosa lililokuwa limefunikwa na nguvu litajitokeza lenyewe.

Mafia yenyewe haikosi chimbuko la ngoma za pamoja. Mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyeanza utafiti kaskazini mwa kisiwa katika miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1976 makala kuhusu jando la wavulana na unyago wa wasichana wa Mafia. Katika mila za namna hii pwani, mtoto hujifunza mwendo akiwa kando ya aliyemzidi umri, kwa kusikia ngoma na wimbo, wala hahesabiwi nane. Kijana wa leo anayejifunza jazi kwa simu huja na sikio hilo la nyumbani, na hapo panazuka mgongano unaostahili kutazamwa kwa makini.

Miondoko mingi ya pwani, chakacha ikiwa mojawapo, hutembea katika sita: vipigo sita vifupi vinavyoweza kusikika kama mbili za tatu au tatu za mbili. Wanaofundisha nane za jazi mara nyingi hugawa kila pigo nusu kwa nusu. Kundi likitia kiuno cha chakacha ndani ya shoo iliyopangwa kwa nane, wale waliokulia ngomani watakata kiuno mara tatu kwa kila pigo kubwa, na waliojifunza kwa video watakikata mara mbili. Wote watafika kwenye “moja” pamoja, na wote watadai wako sahihi. Katikati, hata hivyo, viuno vimepishana. Kupaza hesabu hakutasaidia, kwa sababu nane yenyewe haisemi chochote kuhusu kilichomo kati ya pigo na pigo. Kiongozi anapaswa kuamua: sehemu hii ni ya tatu. Kisha aache tarakimu, agonge kwa mkono au atamke mlio wa ngoma, mpaka kundi lote lisikie vipigo vitatu vilevile. Na akiamua mbili, awaambie waliokulia ngomani waziwazi kwamba kiuno chao si kibovu. Kimepangiwa kazi nyingine kwa dakika hizo tatu.

Jambo hili linauma kidogo ukikumbuka jazi ilikotoka. Katherine Dunham, mcheza densi na mwanaanthropolojia Mmarekani, alikwenda Karibi mwaka 1935 kujifunza ngoma za Haiti, Jamaica, Martinique na Trinidad, zenye mizizi ya Afrika. Mbinu yake ya kuchezesha kiungo kimoja huku vingine vimetulia ilipita shuleni kwake New York na kuwaathiri wengi. Kijana wa Mafia anapofundishwa leo kutenga kiuno na mabega, anarudishiwa kitu chenye udugu na ngoma za bara lake. Asikubali kukisafisha mpaka kikapotea.

Ipo pia hoja ya urefu wa watu. Rockettes, kundi la New York lililoanzishwa mwaka 1925 huko St. Louis na Russell Markert, huwapanga warefu katikati na kushuka kidogo kidogo kuelekea pembeni ili jicho lione mstari ulionyooka. Afrika Mashariki ina mfano unaokwenda njia nyingine. Ghetto Kids wa Kampala, waliojulikana mwaka 2014 kwa kucheza “Sitya Loss” ya Eddy Kenzo, ni watoto wa vimo tofauti kabisa. Mwaka 2023 walifika fainali ya Britain’s Got Talent baada ya jaji Bruno Tonioli kubonyeza kitufe cha dhahabu kabla hawajamaliza kucheza. Kundi kama hilo haliwezi kulinganisha mikono kwa urefu kutoka ardhini. Linaweza kulinganisha pembe: kiwiko usawa wa bega la mwenyewe, goti usawa wa kiuno chake mwenyewe. Mtoto anayejaribu kufikia mkono wa kaka yake atapandisha bega na kuharibu umbo lote. Amri inayofaa ni “tazama bega lako,” wala si “mfuate mwenzako.”

Bendi za dansi za Dar es Salaam hazina hata anasa ya nane 45 zilizokwisha kuhesabiwa. Wanenguaji wa African Stars, maarufu kama Twanga Pepeta, wanapokuwa jukwaani, urefu wa sebene hutegemea usiku ulivyo. Rapa ndiye anayeita mtindo unaofuata. Hapo kinachosafishwa ni mpito: wito umesikika, nane iliyopo inamaliziwa, mwendo mpya unaingia kwenye “moja.” Anayerukia wito papo hapo huvunja safu hata kama ndiye mwepesi kuliko wote.

Simu imekuwa kioo cha wengi, na ina mtego. Kamera ya mbele mara nyingi hugeuza kulia kuwa kushoto, na mwalimu anayetazama wanafunzi hufanya vivyo hivyo. Kabla ya kujifunza hata mwendo mmoja, kundi likubaliane mguu wa kwanza kwa jina lake. Video ya simu hiyo ikichezwa kwa kasi ya robo tatu, mapigo 120 huwa 90, na kila mchezaji anaweza kujiona anapofika.

Kisha uwanja. Mizunguko ya jazi ilibuniwa juu ya mbao laini. Kwenye mchanga wa Kilindoni kidole cha mguu huzama, kisigino hukwama, na mzunguko mmoja huwa robo tatu. Kwa maoni ya mwandishi, mzunguko wa kidole kwenye mchanga uondolewe kabisa, uwekwe wa hatua mbili, magoti yakiwa yamekunjwa na nyayo zimelala, kama ngoma za ardhini zinavyofanya. Mazoezi ya mwisho yafanyike mahali penyewe, kwa viatu na mavazi yenyewe, saa ileile ya shoo. Spika izimwe kwa nane mbili kisha iwashwe, ionekane kama kundi bado lipo ndani ya wimbo. Siku hiyo kiongozi asirekebishe tena mkono wa mtu. Aweke alama chini za mahali pa kusimama, ahakikishe wa nyuma wanaonekana katika nafasi kati ya wa mbele, na awaache wacheze shoo nzima mara mbili.