Boriti za Al-Inkishafi

Shuleni tulifundishwa Al-Inkishafi kama shairi la mawaidha: dunia haidumu, basi usijivune. Mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anauonyesha moyo wake majumba ya Pate yaliyogeuka magofu. Kwenye madaka yaliyopangwa sahani za kaure, sasa wamelala makinda ya ndege.

Juzi nililisoma tena hapa nyumbani Mishomoroni. Stima ikapotea, nikabaki nimelala chali naangalia paa. Ndipo nikaziona boriti. Kumbe hata majumba yale ya mawe dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba ulifuata urefu wa mti! Shairi linaililia nyumba. Mkoko ulioibeba nyumba hauna wa kuulilia.

Siku hizi tunapenda kuliita shairi hili fasihi ya mazingira. Mimi nasita. Kwa Sayyid Abdalla, kiama cha mji ni ndege na wadudu kuingia nyumbani kwa watu. Kwetu huku kando ya hori ya Tudor mambo yamepinduka: nyumba ndizo zinazoingia kwa ndege. Mikoko imekatwa, kwingine yamebaki matope, maji taka na chupa za plastiki. Ukiniambia "dunia haidumu" mbele ya matope yale, umemsitiri mwenye shoka.

K. W. Wamitila hakumsitiri. Katika Bina-Adamu! (2002) mharibifu ana jina, P.P., na msafiri anamsaka dunia nzima. Hilo nalipenda. Lakini P.P. yuko mbali, na msomaji anaweza kukifunga kitabu akajiona hana deni.

Mimi ninalo. Serikali ilipopiga marufuku boriti kuuzwa nje ya nchi mwaka 1982, wanunuzi wa hapa hapa tulibaki. Aliyeikata miti ya paa letu alikuwa jirani mwenye watoto wa kulisha. Aliyelipa ni marehemu baba. Siwezi kuwalaani. Tungelala wapi?

Hadithi ninayoingoja imo ndani ya swali hilo. Isimwachie Mola kila kitu, wala isimtwike mtu wa ng'ambo peke yake. Ianze tu na mtu amelala chali gizani, anahesabu boriti.

Zangu ni 17.