Ufundi wa Kukutana na Mzazi

Mwalimu husifiwa kwa anavyofundisha ubaoni. Mimi nataka kumsifu kwa kazi ambayo wachache huiona: maandalizi ya mazungumzo yake na mzazi mmoja kuhusu mtoto mmoja, na maandishi anayoyaacha baada ya mzazi kuondoka.

Tangu elimumsingi bila malipo ianze kutekelezwa Tanzania mwaka 2016, shule nyingi za umma zimefurika watoto, na katika msongamano huo mtoto mkimya hupotea upesi. Kikao cha jumla cha wazazi kina kazi yake: chakula cha mchana, madawati, matundu ya vyoo. Alama za mtoto hazina nafasi pale. Kuzitaja hadharani ni kumvunjia heshima yeye na waliomlea.

Tuchukue mfano wa mtoto wa darasa la tatu aliyepata 38 kwa 100 katika hisabati. Alama hiyo peke yake haimsaidii mtu. Mwalimu fundi hupekua madaftari siku kadhaa kabla ya kukutana na mlezi. Anagundua kwamba kujumlisha mtoto anaweza, na kutoa pia anaweza, ila hukwama panapohitajika kukopa. Daftari la mahudhurio nalo linaonyesha kwamba hukosa shule kila Jumanne. Sasa ana jambo la kuzungumza.

Bibi wa mtoto anapofika, mwalimu humwamkia shikamoo, humpa kiti kando yake, na hafupishi salamu. "Bibi, mjukuu wako anasoma kwa sauti nzuri, wenzake humsikiliza. Ila Jumanne simwoni. Siku hiyo nyumbani kukoje?" Swali hilo halimshtaki mtu. Bibi anaeleza kuwa Jumanne ni siku ya gulio, na mtoto ndiye anayemsaidia kubeba nyanya. Hilo mwalimu asingelipata katika daftari lolote.

Kisha huandika, na hapa ndipo ufundi unapopimwa. Huandika alichokiona na alichoambiwa. "Mtoto ni mvivu" ni hukumu. "Amekosa Jumanne zote za Machi, siku za gulio" ni taarifa inayoweza kufanyiwa kazi. Chini yake huweka makubaliano: bibi atatafuta mtu mwingine wa kumbebea mzigo, mwalimu atampa mtoto mazoezi ya kukopa kwa vijiti, na wataonana tena kabla ya likizo ya Juni. Humsomea bibi yote hayo kabla hajatia saini au dole gumba, maana hakuna makubaliano pale ambapo mmoja hajui kilichoandikwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mtoto ana thamani kuliko mali. Mwalimu akihamishwa kituo, au mtoto akipanda darasa, anayempokea huanzia pale mwenzake alipoishia, na mtoto hapati jina la uvivu kwa mara ya pili kwa sababu tu hakuna aliyeandika habari za gulio.

Ndiyo maana naamini mazungumzo haya yanastahili saa zake katika ratiba ya shule, na vyuo vya ualimu viyafundishe kwa uzito uleule wa azimio la kazi na andalio la somo. Somo huandaliwa kwa ajili ya darasa zima. Mazungumzo haya ndiyo maandalizi pekee yanayofanywa kwa ajili ya mtoto mmoja.