Aibu si Udhalili: Juu ya Kufasiri Maneno Manne ya Kiingereza

Kamusi nyingi za lugha mbili hupanga visawe kwa mkato tu: aibisha, fedhehesha, tahayarisha, dhalilisha. Mwanafunzi akikuta "embarrass", "shame", "humiliate" au "degrade" katika matini ya Kiingereza, huchukua kisawe cha kwanza na kuendelea. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba desturi hiyo huharibu maana, na mara nyingine humwonea mtu anayesemewa.

Tuanze na mawili ya kwanza. "Embarrass" laingia katika Kiingereza kwa njia ya Kifaransa, na maana yake ya awali ni kuzuia njia. Anayepatwa na hali hiyo amekwama mbele ya watu: amesahau jina la mgeni, au amesifiwa kupita kiasi. Hana kosa, na hali hupita. "Shame" ni neno la asili ya Kigermanik cha kale, nalo lina hukumu ndani yake. Mtu aweza kuwa "ashamed" akiwa peke yake chumbani, kwa sababu anajihukumu mwenyewe. Kifaransa huyabeba mengi ya haya kwa neno moja, "honte". Nasi hapa Lubumbashi twasema haya kwa yote mawili. Ndipo mwanafunzi wetu asipoona mpaka.

"Humiliate" ni jambo jingine. Asili yake ni neno la Kilatini linalohusu ardhi: kumshusha mtu hadi chini. Kitendo hiki chahitaji mtendaji, na aliyetendewa aweza kukataa kabisa kwamba alistahili. Hapo ndipo linapotengana na "shame": aliyefanyiwa "humiliation" aweza kuwa na hasira bila kujiona mwenye hatia. Ndugu yake "humble" amebaki na upande mwema. Mtu husema amekuwa "humbled" kwa heshima aliyopewa. Kifaransa hakikutenganisha hivyo. "S'humilier" mbele ya Mungu ni kunyenyekea, lakini leo Mwingereza akisikia "humiliate oneself" huelewa kujivunjia heshima hadharani. Mfasiri anayepitia Kifaransa ana mtego mbele yake.

"Degrade" latokana na neno la ngazi: kumteremsha mtu kutoka daraja la utu. Hapa hisia ya anayetendewa si sharti. Mkataba wa Roma wa 1998, ulioridhiwa na nchi yetu mwaka 2002, unahesabu vitendo vya "humiliating and degrading treatment" kuwa uhalifu wa kivita. Na hati ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai inayofafanua viambajengo vya makosa yaeleza kwamba si lazima mhanga ajue anavyotendewa, na kwamba hata maiti yaweza kuhesabiwa. Basi tukifasiri "degrade" kwa aibisha, tutasema nini juu ya maiti? Maiti haioni aibu. Bali utu wake waweza kutwezwa.

Kiswahili hakina upungufu hapa. Aibu ni dosari, nayo humwangukia mwenye dosari. Fedheha ni kufichuliwa: siri imetoka nje. Tahayari ni kukwama mbele ya macho ya watu. Dhalilisha na tweza humwelekea mtendaji na uzito wa kitendo chake. Katiba ya Tanzania, inapokataza adhabu za namna hii, yatumia vitenzi hivi viwili vya mwisho, nayo imechagua vema. Katiba yetu ya 2006 yasema "dégradant" katika ibara ya 16. Mfasiri wake asikubali pungufu ya hapo.

Kosa hili si la darasani tu. Mwanamke wa mashariki ya nchi atoapo ushahidi kwamba askari walimdhalilisha, na mkalimani akaandika kwamba alipata aibu, kitenzi kimebadili mwelekeo: mtendaji ametoweka na dosari imebaki kwa mhanga. Kwa hiyo twapendekeza kwamba walimu wa tafsiri waulize maswali matatu kabla ya kufungua kamusi: Ni nani aliyetenda? Ni nani aliyeona? Na lawama yabaki kwa nani? Kisawe kisichojibu swali la tatu sawasawa na matini ya asili, kikataliwe, hata kama kamusi imekitanguliza.