Hotuba Iandikwayo kwa Jicho

Katika mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne nchini Kenya, karatasi ya kwanza huwa ya insha, na swali lake la kwanza ni la lazima. Swali hilo hubeba alama 20 kati ya 40, na aghalabu humtaka mtahiniwa aandike jambo lenye mtindo maalumu: barua, kumbukumbu za mkutano, au hotuba. Barua na kumbukumbu huandikwa ili zisomwe. Hotuba huandikwa ili isikike, na tofauti hiyo ndiyo ambayo mafunzo ya shule huipita mbiombio.

Mwanafunzi hufundishwa kwamba hotuba hufunguliwa na kufungwa kwa alama za mtajo. Kwamba wakubwa hutajwa kwa daraja zao, kuanzia mgeni wa heshima, kisha mwalimu mkuu, walimu, wazazi, na mwisho wanafunzi. Kwamba baada ya salamu shabaha hutangazwa, hoja hufuatana aya kwa aya, na shukrani huja nyuma. Mafunzo haya si ya kudharauliwa. Kumtaja mtu kwa cheo chake ni adabu ya baraza tangu zamani, na mgeni aliyerukwa katika salamu hatasikiliza vizuri yanayofuata. Lakini alama za mtajo ni jambo la ajabu kidogo, maana hazina sauti. Zinamwarifu mtahini kwamba haya yanasemwa. Hazimsaidii msemaji kuyasema.

Kasoro kubwa imo katika sentensi. Ichukuliwe kwamba mwanafunzi amechaguliwa na wenzake awasemee siku ya wazazi juu ya uhaba wa maji shuleni. Ataandika: "Kisima ambacho kilichimbwa na wazazi ambao walijitolea katika mwaka ambao shule yetu ilifunguliwa kimekauka." Hapana kosa la sarufi hapo. Ngeli zimepatana, na msomaji afikapo "kimekauka" hurudisha macho nyuma akakiona kisima pale alipokiacha. Msikilizaji hana pa kurudi. Ile ki- ya kitenzi humfikia baada ya wazazi, na kujitolea, na mwaka, na shule, kumpita masikioni, na mzee aliyeketi nyuma chini ya mwembe humwuliza jirani yake ni nini kilichokauka. Mwanafunzi huyo huyo angaliweza kusema: "Wazazi wetu, mlichimba kisima. Mlikichimba kwa mikono yenu, mwaka ule shule ilipofunguliwa. Kisima kile kimekauka." Habari ni ile ile, ila kisima kimetajwa tena pale kilipohitajiwa, na wazazi, waliokuwa wakitajwa tu kama watu walio mbali, sasa wanaambiwa wao wenyewe. Ombi la maji lina nguvu kwa sababu wanaoombwa wamekumbushwa jasho lao.

Bahati mbaya, kalamu nyekundu ya mwalimu hukikata kisima cha pili na kuandika pembeni kwamba ni marudio.

Juu ya marudio, mfano bora umo katika tafsiri ya Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, iliyotoka mwaka 1963 na kutolewa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Brutus ndiye anayesema kwanza mbele ya umma. Anazitoa sababu za kumwua Kaizari kwa mpango mzuri, na watu wanamshangilia. Antony anayemfuata hana mpango unaoonekana upesi. Anamsifu Brutus kwa sifa moja, akairudia na kuirudia, hata sifa hiyo ikachakaa masikioni mwa watu na kugeuka shutuma, ilhali yeye hajaibadili. Mwishowe umati ule ule unakwenda kuchoma nyumba. Mfasiri mwenyewe aliijua kazi ya namna hiyo. Mwezi wa Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuivamia Kagera, aliwatangazia Watanzania vita kwa vifungu vitatu vifupi vyenye umbo moja, juu ya uwezo, sababu na nia. Wapo wanaovitamka hata leo bila ya karatasi.

Nchini Kenya mambo yalikwenda njia nyingine. Jomo Kenyatta, na baada yake Daniel arap Moi, walizoea katika sikukuu za taifa kusoma hotuba rasmi ya Kiingereza, kisha kuiweka kando na kuzungumza na umma kwa Kiswahili pasipo kusoma. Hivyo Kiswahili kilichochangamsha viwanja kilikuwa kile kisichoandikwa, na yamkini mwalimu aliyetafuta kielelezo cha hotuba ya karatasini alikiona katika Kiingereza cha ofisi. Huenda ndiko yalikotoka maneno "kama ilivyotajwa hapo juu", ambayo hupatikana katika hotuba za wanafunzi ingawa anayesikiliza hana juu wala chini, na vifupisho kama "n.k." ambavyo mtu akisimama navyo mbele ya watu hajui avitamkeje. Methali nazo hurundikwa tatu au nne mwanzoni, zote za maana moja, ili kuonyesha utajiri wa lugha. Mojawapo, ikiwekwa mahali pake, ingetosha.

Hapana haki kumlaumu mwanafunzi. Anamwandikia mtu mmoja asiyemjua, atakayesoma kimya akiwa na karatasi nyingine nyingi mezani, na kwa mtu huyo sentensi ndefu yenye "ambacho" tatu ni ushahidi wa ujuzi. Wala mtahini hawezi kuzisoma zote kwa sauti. Mwalimu darasani anaweza. Amsimamishe mwandishi mbele, wenzake wakiwa wamefunika madaftari, asome hotuba yake mara moja tu kwa mwendo wa kawaida, jambo la dakika nne au tano kwa maneno 400; kisha awaulize wa nyuma ni nini kilichokauka.