"Uhamisho" Usiohamisha: Istilahi za Diski ya Nje Bukoba na Muleba

Miongoni mwa istilahi zinazoenea katika ofisi na shule zetu ziko zilizopokewa bila kupimwa. Katika makala haya tunakusudia kuipima moja, nayo ni uhamisho, pamoja na kitenzi chake kuhamisha, kama inavyotumika pale mtu anapotoa faili katika kompyuta mpakato na kuzitia katika diski ya nje. Tumechagua kuitazama kutoka Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, kwa sababu huko njia ya mkononi ingali na umuhimu wake: orodha ya wakulima wa kahawa, au alama za mitihani kutoka visiwa vya Goziba na Bumbire, zaweza kufika mjini zikiwa mfukoni mwa mtu. Huyo mtu akikaa saa nzima akiingoja kompyuta, na mashua au basi likamwacha, hasara yake si ya kinadharia.

Mtumishi wa serikali hahitaji kufundishwa maana ya uhamisho. Barua ikija, anaondoka Muleba na kiti chake kinabaki kitupu. Maana hiyo ndiyo anayoibeba anapoketi mbele ya kompyuta, na hapo ndipo istilahi inapompotosha, kwa kuwa imebebeshwa kazi tatu zisizofanana. Ya kwanza ni kunakili, ambapo asili hubaki na nakala huenda. Ya pili ni kuhamisha kwenyewe, ambapo asili hufutwa. Ya tatu ni kule kupita kwa data katika waya, ambako huwako iwapo asili itafutwa au haitafutwa. Watafsiri wetu wengi huandika "kasi ya uhamisho" wakikusudia hii ya tatu.

Lililo la ajabu zaidi ni kwamba kuhamisha faili ndani ya diski ile ile, toka kabrasha moja hadi jingine, hakuhamishi kitu. Data hukaa pale pale. Kinachobadilishwa ni maandishi ya daftari la diski, mfano wa mtumishi aliyebadilishiwa kituo katika faili la utumishi bila kuinuka kitini. Ndiyo maana gigabaiti 20 "huhama" kwa kufumba na kufumbua. Faili hizo hizo zikipelekwa katika diski ya nje, mashine hulazimika kuzisoma zote, kuziandika zote, kisha kuzifuta zile za awali. Karani aliyefundishwa neno moja kwa matendo haya mawili ana haki ya kudhani kwamba diski yake ya nje imeharibika, ilhali ni nzima.

Yapo na ya hatari. Anayehamisha, kisha akaichomoa diski kabla ya wakati kwa kuchoka kungoja, huligawa kundi: baadhi ya faili ziko kule, baadhi zimebaki huku, na zile ambazo hazijaandikwa kikamilifu zaweza kuharibika. Anayenakili angali na asili yake. Tangu tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lililobomoa majengo mengi mkoani humo yakiwamo ya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, hatudhani kwamba mkazi wa Bukoba anahitaji kuelezwa faida ya kuwa na nakala katika jengo jingine. Anahitaji maelekezo yanayosema nakili pale yanapokusudia nakili.

Sisi twapendekeza kupitisha, na kasi ya upitishaji. Lakini kasi nayo haisemi kitu bila kipimo, na hapa uzembe wa uandishi ni mkubwa. Mlango wa USB 2.0 umewekewa kikomo cha megabiti 480 kwa sekunde. Biti nane hufanya baiti moja; kwa hiyo ni megabaiti 60, na katika matumizi aghalabu hupatikana kama nusu yake tu. Mfasiri akiandika megabaiti 480, msomaji atatarajia zile gigabaiti 20 zipite kwa sekunde 42. Hesabu ya kweli ni zaidi ya dakika tano na nusu, tena kwa kikomo chenyewe. Herufi moja imeongezwa, na fundi amelaumiwa bure.

Baya kuliko yote ni kivumishi nzito. "Kompyuta ni nzito," husema mwenye shida, na mara nyingi mwongozo nao huishia papo hapo. Uzito huo waweza kuwa wa mlango wa zamani, wa waya mbovu, wa programu ya kukagua virusi inayofungua kila faili, au wa diski inayokaribia kufa. Waweza pia kuwa wa wingi wa faili. Magunia kumi ya kahawa hupimwa na kuandikwa upesi. Kahawa hiyo hiyo ikiletwa kwa vibaba elfu, kila kimoja na mstari wake daftarini, jioni itaingia. Vivyo hivyo picha elfu ndogo huchelewa kuliko filamu moja yenye ukubwa sawa na jumla yake. Kila sababu na iwe na jina lake, ili mtu ajaribu moja baada ya nyingine: abadili waya, abadili mlango, azifunge faili ndogo katika furushi moja, kisha apime tena.

Kiendeshi nalo hatulipendi. Wengine huita hivyo diski, wengine programu inayoiwezesha kompyuta kukitambua kifaa. Mwalimu akiambiwa "sasisha kiendeshi" aweza kwenda dukani kununua diski mpya. Diski na ibaki diski.

Kusoma na kuandika, kwa upande mwingine, ni maneno mazuri mno kuachwa. Yanaeleza bila msaada kwa nini flashi hutoa faili upesi na kuzipokea polepole: kusoma kwake ni kwepesi kuliko kuandika. Juu ya mlango bado kuna ubishi, kwani mafundi wengi husema tundu, nasi hatuoni sababu ya kuwakataza. Tungependa kupata maoni ya walimu na makarani wanaolitumia mojawapo kila siku.