Namna ya Kuipima Nishani ya Vita: Mwongozo kwa Warithi wa Fizi na Baraka

Katika nyumba za Fizi iliyo mlimani na za Baraka iliyo ufukoni mwa Tanganika, nchi ambayo vita vya wageni na vya wenyeji vimeipitia kizazi baada ya kizazi, huenda sanduku la marehemu likafunguliwa na ndani yake kikaonekana kipande cha madini chenye utepe uliochujuka, na warithi, wakiisha kukigeuza mkononi, wakauliza swali moja tu: je, ni dhahabu? Swali hilo si haramu, lakini ni dogo kuliko kitu chenyewe. Nishani ya vita haikutengenezwa ili ipimwe katika mizani ya sonara; ilitengenezwa ili itoe shahada kwamba mtu fulani, mahali fulani, wakati fulani, alitenda jambo ambalo dola iliona lastahili kukumbukwa. Kwa hiyo ubora wake hukadiriwa kwa ukweli na ukamilifu wa shahada hiyo. Mng'ao, uzito na bei ni mambo yanayofuata nyuma.

Ili maelezo haya yawe na mahali pa kusimama, nitayategemeza juu ya mtu mmoja, Geoffrey Spicer-Simson, afisa wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza, ambaye sifa yake ya vita ilipatikana katika ziwa hili hili, kiasi cha kilomita 200 kusini ya Baraka. Alizaliwa Tasmania mwaka 1876, akaingia utumishi wa bahari angali kijana mdogo, akafanya kazi ya kupima mito huko Uchina na Gambia, na mwezi wa Novemba 1914 manowari Niger, iliyokuwa chini ya amri yake, ikazamishwa na Wajerumani mbele ya mji wa Deal. Mwaka uliofuata akakabidhiwa mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, zenye urefu wa futi 40, zikapakiwa melini mpaka Cape Town, zikapanda reli mpaka Katanga, zikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa magari ya mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu, kisha zikarudi relini na kuteremka mto Lualaba, hata zikafika kwenye mlango wa Lukuga, palipo leo mji wa Kalemie. Tarehe 26 Desemba 1915 zikaiteka meli ya Kijerumani Kingani, ambayo Waingereza waliipa jina la Fifi. Na tarehe 9 Februari 1916 Fifi na Mimi zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Graf von Götzen, iliyozipita zote kwa ukubwa, Spicer-Simson hakuishambulia. Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma mwezi wa Julai 1916, ikaja kuopolewa mwaka 1924 na kuitwa Liemba. Kwa kazi hiyo Spicer-Simson alipewa na mfalme wake nishani ya Distinguished Service Order, iitwayo kwa kifupi DSO, na Wabelgiji wakamtunuku daraja la Kamanda katika Nishani ya Taji. Baada ya vita alikuwa katibu mkuu wa ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari huko Monaco, akafariki Kanada mwaka 1947.

Sasa tutazame namna ya kupima. Jambo la kwanza ni utengenezaji. Nishani za dola kwa kawaida hupigwa chapa, yaani kipande cha madini hubanwa kwa nguvu kubwa baina ya vyuma viwili vilivyochongwa, na kwa sababu hiyo uso wake huwa laini, herufi zake huwa na kingo kali, na nyuzi za nywele za mfalme huhesabika chini ya kioo cha kukuzia. Nishani ya kusubu, iliyomiminwa katika kalibu, huonyesha vitundu vidogo kama vya ngozi iliyopata ndui, herufi zake huviringika, na ukubwa wake hupungua kidogo, kwa maana madini hujikunyata yanapopoa; basi mtu aliyetwaa kalibu kutoka kwa nishani ya kweli hupata mwana aliye mdogo kuliko mzazi. Medali ya Vita ya Uingereza ya 1914 hadi 1918 ina upana wa milimita 36. Ukiikuta imepungua hata kwa sehemu ya milimita moja na uso wake una vitundu, usiinunue. Lakini isidhaniwe kwamba kusubu ni aibu daima. Theodore Spicer-Simson, nduguye afisa wetu, alikuwa msanii mashuhuri wa medali, aliyezifinyanga kwanza sura za waandishi na watu wakubwa wa zamani zake na kisha kuzimimina katika shaba, na kazi yake husifiwa kwa ule ulaini wa uso ambao chapa haiwezi kuutoa. Hukumu, basi, haiangalii njia peke yake. Inaangalia kama njia iliyotumika ndiyo iliyostahili kitu kile.

Jambo la pili ni dhahabu ya kuchovya na rangi ya kioo iliyochomwa juu ya madini, iitwayo enameli. DSO ni msalaba wa fedha iliyochovywa dhahabu, wenye enameli nyeupe, na katikati yake taji la dhahabu juu ya ardhi nyekundu, limezungukwa na koja la majani mabichi. Nyuma yake zipo herufi za jina la mfalme aliyetawala. Ilianzishwa mwaka 1886, na zile za miaka ya mwanzo, mpaka 1889, zilikuwa za dhahabu tupu. Enameli ya kweli ni ngumu na baridi, huakisi nuru kwa kina, na ikivunjika huvunjika kwa kipande chenye ncha kama kioo. Rangi ya kupakwa iliyowekwa mahali pa enameli ni laini, hukwaruzika kwa ukucha, na ikitoka hutoka kwa maganda. Ufa mdogo uliotokana na umri haupunguzi heshima ya msalaba; kiraka cha rangi kilichofichwa ndicho kinachoiharibu, kwa sababu kimetiwa kwa nia ya kudanganya jicho. Tena tazama nyuma: nishani inayosemwa ilitolewa mwaka 1916 lazima iwe na herufi za George V, na isiwe na mwaka uliochongwa nyuma ya kipande chake cha kuning'inizia, kwa kuwa desturi ya kuchonga mwaka ilianza 1938. Kosa hili moja limewaumbua walaghai wengi waliokuwa hodari katika kila kitu kingine.

Jambo la tatu ni utepe, ambao watu huudharau na ambao husema mengi. Utepe wa DSO ni mwekundu wenye mpaka mwembamba wa buluu kila upande. Wa Medali ya Vita una rangi ya machungwa katikati, kisha nyeupe, nyeusi na buluu. Wa Medali ya Ushindi ni upinde wa mvua maradufu, nyekundu ikiwa kati. Huu wa mwisho ulitumiwa na mataifa mengi yaliyopigana upande mmoja, Ubelgiji ikiwa miongoni mwao, kwa hiyo katika nchi yetu utepe wa namna hiyo usikufanye useme ni Mwingereza kabla hujaitazama medali iliyo chini yake. Utepe wa zamani ni wa hariri au pamba. Ukiuweka chini ya taa ya zambarau inayotumiwa kukagua noti na ukang'aa kwa weupe mkali, ni nyuzi za kiwandani za siku hizi. Utepe mpya haumaanishi nishani ni bandia, maana tepe huchakaa na hubadilishwa. Lakini muuzaji anayeuapia upya huo kuwa ukale, usimwamini katika lililobaki.

Jambo la nne ndilo lililo kubwa kuliko yote, nalo ni jina ukingoni. Waingereza waliandika katika ukingo wa medali zao nyingi za vita vya kwanza vya dunia namba ya mtu, cheo chake, jina lake na kikosi chake. Na katika Nyota ya 1914-15, iliyo ya shaba na isiyo na ukingo wa kuandikwa, waliandika mgongoni. Chukua kioo na uuzungushe ukingo polepole mbele ya dirisha. Herufi zilizopigwa serikalini zimelingana kwa kina na nafasi. Ukingo wake una upana mmoja kuuzunguka wote. Pale ambapo jina la kwanza limefutwa kwa tupa ili la pili liandikwe, ukingo huwa mwembamba, na kipimo cha fundi kitauonyesha hata kama jicho limeshindwa.

Hapa msomaji atazame jambo la ajabu na la kweli. DSO, nishani ya maafisa, ilitolewa bila jina lolote. Lakini Distinguished Service Medal, iliyoanzishwa mwaka 1914 kwa mabaharia wasio maafisa, na ambayo baadhi ya watu wa Mimi na Toutou waliipata, ni ya fedha tupu na ina jina la mwenyewe ukingoni. Msalaba wa kamanda, uking'aa kwa dhahabu na enameli, hauwezi kusema peke yake ulikuwa wa nani miongoni mwa watu karibu 9,000 waliopewa wenziwe katika vita vile. Duara la fedha la baharia wake linasema. Ndiyo sababu wajuzi, wakiletewa DSO iliyotengwa na medali zake nyingine, huirudisha kwa adabu na kuuliza ziko wapi nyingine, kwani zile za kawaida zenye jina ndizo zinazoidhamini ile ya fahari.

Kutokana na hayo huzaliwa jambo la tano, yaani ulinganifu wa kundi. Zipangwe kwa taratibu yake: kwanza nishani za ushujaa na utumishi, kisha za vita kwa utangulizi wao, na za mataifa ya kigeni mwisho; na ile ya Kamanda wa Taji huvaliwa shingoni. Nishani hiyo inatuhusu sisi wa Kongo kwa namna ya pekee, kwa kuwa Leopold II aliianzisha mwaka 1897 kuwa nishani ya Dola Huru ya Kongo, na Ubelgiji ikairithi pamoja na nchi. Ina msalaba mweupe wa mikono mitano wenye miale kati yake, taji la dhahabu juu ya buluu, na utepe wa rangi ya zambarau iliyoiva. Baada ya kupanga, uliza kama maisha yaliyosimuliwa na kundi hilo yanawezekana. Afisa aliyekuwa manowarini mwaka 1914 akionekana na Nyota ya 1914, ambayo ilikuwa ya waliotumika nchi kavu Ufaransa na Ubelgiji, kuna mkono ulioongeza kitu.

Jambo la sita ni hati. Tuzo za Waingereza zilitangazwa katika London Gazette, na orodha za medali za wanamaji zimehifadhiwa Kew, katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza. Medali za Wabelgiji hazikuandikwa majina, na hizo ndizo zinazoelekea kupatikana kwetu, kwa kuwa askari wa Force Publique, jeshi la Wabelgiji katika Kongo, ndio waliovuka kwenda Kigoma na Tabora mwaka 1916. Kwa medali ya namna hiyo, kitabu cha askari, cheti kilicholiwa na mchwa, au picha ya babu akiwa amevaa, ndicho ukingo wake wenye jina. Ukivitenganisha, umeikata ulimi.

Yapo pia maonyo yanayohusu pwani hii peke yake. Septemba 1965 kikosi cha tano cha Komando, chini ya Mike Hoare aliyekuwa afisa wa Uingereza katika vita vya pili vya dunia, kilishuka Baraka kupigana na wafuasi wa mapinduzi. Lakini hao walikuwa watu wa kukodiwa, na Uingereza haikutoa medali yoyote kwa vita hivyo. Anayekuletea "medali ya Kiingereza ya Baraka" anakuletea hadithi. Medali za Umoja wa Mataifa nazo, tangu zile za 1960 zenye kipande cha utepeni kilichoandikwa Congo mpaka za siku zetu, ni za shaba, hutolewa bila jina, na zimetengenezwa kwa wingi. Thamani yake i katika hati ya aliyeivaa.

Mwenye kuipata nishani asiisugue kwa majivu wala ndimu, kwani weusi wa fedha ni umri wake na msuguo hula herufi, asiikate utepe, asiigawe kwa ndugu kipande kipande. Bei ya fedha ilipopanda duniani mwaka 1980, medali nyingi za vita za Waingereza ziliyeyushwa, na majina yaliyokuwa kingoni mwake yakapotea kwa faida ya siku moja.

Hukumu yangu ni hii. Nishani bora ni ile ambayo madini yake, jina lake na hati zake vinasema neno moja. Na kwa kanuni hiyo medali ya fedha ya baharia wa Lukuga, au ya shaba ya askari wa Force Publique iliyo na cheti chake, yaupita msalaba wa dhahabu usio na mwenyewe. Wale waliozivuta Mimi na Toutou juu ya Mitumba, wakizijengea madaraja na kuzipitisha mabondeni, hawamo katika ukingo wowote wa fedha, wala ujuzi wa mnunuzi hauwezi kuwatia humo. Basi enyi warithi wa Fizi na Baraka, kabla ya kuuliza bei, andikeni katika karatasi jina la aliyeivaa nishani, kijiji chake, vita alivyokwenda na aliyewasimulia, mkiweke kipande na karatasi pamoja. Na ambaye hakupewa nishani, lakini habari zake mnazijua, mwandikieni karatasi yake vile vile.